Vitundu vya Chini

Septemba hii, Urho, nimeegesha trela kando ya banda,
pua yake juu ya matofali mawili, kama ulivyonifundisha,
ili mvua ya Ziwa Superior iteremkie nyuma.
Nimepanda ngazi. Goti la kushoto limenung'unika,
nikaliacha linung'unike.

Methali yasema ziba ufa.
Haisemi kwamba kwanza ukwangue
kila alichoziba aliyekutangulia.

Na wewe, mume wangu, ulikuwa mtu wa silikoni.
Silikoni juu ya silikoni, mwaka hadi mwaka,
kwenye kona ya dirisha, kwenye taa, kwenye tundu la hewa pale juu,
ukailainisha kwa kidole ulicholowesha mate.
Nimekuta alama yako: mistari ya kidole cha shahada
imeganda ndani ya weupe uliogeuka manjano.
Nikakaa kitako juu ya ngazi, kisu cha plastiki mkononi,
muda ule ambao chai hupoa.

Halafu nikakwangua.

Hakuna gundi inayokubali kushika juu ya silikoni;
yule kijana wa dukani Calumet, wa kwa akina Heikkinen,
alinieleza hilo kwa upole, kana kwamba ananipa pole ya msiba.
Inatoka kama gamba la nyoka, vipande virefu,
kisha yanabaki mafuta yasiyoonekana,
nayo utayasugua kwa spiriti hadi kitambaa kilie.

Nikafungua skrubu za fremu, ishirini na mbili.
Saba zilikuwa kutu tupu.
Moja ilizunguka bila kushika kitu, nikajua.
Nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba:
ubao ukanikubalia, kama mkate uliolowa.
Maji hayabishi hodi.
Huingia yakakaa, miaka minne, mitano,
nasi tulikuwa tumelala papo hapo tukisifu ukavu,
wewe ukiupiga ukuta kofi la kirafiki:
"Hii haivuji, Aili. Haivuji."

Na kweli haikuvuja. Ubaya ulikuwa hapo.
Chini ya kila dirisha, fundi wa kiwandani aliacha vitundu viwili,
vidogo kama punje za mtama,
ili maji yakiingia, maana yataingia,
yapate pa kutokea.
Uliviziba. Vyote. Kwa bidii, kwa mapenzi,
siku ile ya Juni tuliporudi kutoka Marquette,
daktari ameshatuambia, nawe hukusema neno
hadi mrija mzima ulipokwisha.

Nimechukua msumari mwembamba.
Nimevizibua kimoja kimoja.
Cha tano kilitema tone la kahawia, kisha jingine,
kisha kijito kikanichirizikia hadi kwenye kiwiko,
maji ya mwaka upi, sijui.

Ubao mpya nimekata mwenyewe, pembe moja imepinda kidogo.
Utepe mweusi, unaonata kama ulimbo, umeizunguka fremu;
skrubu zimeingia taratibu, ya juu, kisha ya mkabala wake,
mpaka ulimbo ukafurika pembeni, nikaukata.
Juu nimepaka, kandokando nimepaka.
Chini nimeacha wazi.
Mpira wa mlango nimeupaka poda ya mtoto
usije ukagandamana kwa baridi,
na sasa banda zima lanukia kama kichanga cha Kaisa.

Kipande kimoja cha silikoni sikukitupa,
kile chenye kidole chako.
Kimo kwenye droo ya vijiko, pamoja na vibiriti.

Redio imesema theluji Jumanne.
Nimemwaga ndoo nzima ya maji juu ya paa,
nikaingia ndani, nikafunga mlango,
nikatega sikio gizani.
Nje, chini ya dirisha: to.
To.